Nilivyoiombea Kura Galaksi Yako

Kendi,

Watu wa Timau wanasema mjomba wako ameingia siasa, na wewe ndiye uliyenitumbukiza huko. Nilikuwa mtu wa kuvuna ngano kwa kombaini, naheshimika, sina neno na mtu. Sasa nikipita sokoni naitwa mheshimiwa. Juzi mama mmoja wa viazi alinishika koti akaniuliza barabara yao itawekwa lami lini, na kwa vile mimi sijawahi kumvunja mwanamke moyo, nimemwahidi ni kabla ya mvua.

Usicheke. Au cheka, nani atakuzuia. Lakini wacha nianze mahali pa kuanzia, maana tangu tukuzike pale Kaaga kwa mama yako mambo mengi yamepita na mimi ndiye niliyebaki na neno lako mkononi.

Neno lenyewe unalikumbuka. Ulikuwa umelala kwenye kile kiti cha hospitali huko Embu, mashine ya kusafisha damu inazunguka kando yako polepole. Mkono wa kushoto una sindano, wa kulia umechoka, simu nimeshika mimi. Ukaniambia, "Anko, kura zikianza na mimi sipo, usiwache yangu ipotee." Nikakukemea. Nikasema maneno gani hayo, utakuwepo, utapiga kura mpaka uchoke. Hukubishana. Ulisema tu, "Haya, lete nyingine tuendelee."

Watu wakiniuliza ilikuwa kazi gani tuliyokuwa tukifanya mle ndani, huwa nawaeleza hivi, na unisahihishe kama napotea. Wataalamu wa anga wana picha za galaksi nyingi kuliko punje za ngano za Timau yote. Kila galaksi ni mji mzima wa nyota. Sasa kuzipanga zote hawawezi, ni kama uniambie mimi nihesabu mabua. Kwa hivyo wanaomba watu wa kawaida, wa kujitolea, wa kila nchi, waangalie picha kwenye simu na kujibu maswali. Hii ni laini kama andazi ama ina mikono? Mikono imejikunja ama imelegea? Kuna kitu cha ajabu? Halafu huko juu, nje kabisa ya dunia, kuna darubini kubwa inayozunguka. Ina kazi nyingi za wakubwa, lakini kati ya kazi na kazi hupata mwanya kidogo. Ndipo wataalamu wakasema: nyinyi mliojitolea mmeona vitu vya ajabu, basi tuchagulieni galaksi za kutazamwa kwenye hiyo mianya. Zipigiwe kura.

Nikimaliza kueleza hivyo watu huniita profesa. Wengine hudhani nimesoma ng'ambo. Siwakatizi.

Unajua mimi nilikuja Embu kwa kutumwa. Ngano ilikuwa bado changa, kombaini imeegeshwa, na mama yako akanipigia simu: "Gitonga, wewe kazi huna lakini mdomo unao. Shuka Ishiara anakofundisha ukamchangamshe mtoto." Nikashuka kutoka baridi ya Timau mpaka lile joto la Ishiara, joto ambalo siku ya kwanza lilinipikia mayai mfukoni. Nikakuta mwalimu mzima wa hesabu amekonda, anafundisha ameketi. Nikasema, kuanzia leo hospitali tunaenda pamoja. Ile mara ya kwanza nilikupigia hadithi ya tembo aliyetoka msituni akasimama mbele ya kombaini, nikampigia honi, akainua mkonga kama askari wa trafiki akanipisha. Sista wa zamu alicheka. Wewe ulinitazama ukasema, "Anko, shika simu. Nitakuwa nasema, wewe unabonyeza."

Hivyo nikawa kidole chako. Na kidole kibaya, nakubali, kwa sababu kilikuwa na maoni. Ukisema "laini", mimi naona mikono, nabonyeza mikono. "Anko, rudisha." Narudisha. "Anko, bado sijaangalia." Nangoja. Mtu aliyekata ngano ya nusu ya Kenya anangojeshwa na msichana aliyelala! Lakini nilingoja, na hapo ndipo nikaanza kuona kwamba zile picha hazifanani. Mwanzo kwangu zote zilikuwa matone ya maziwa kwenye kitambaa cheusi. Baada ya majuma machache nilikuwa nikikuambia, "Hii imepindika upande mmoja, kuna jirani anayeivuta," na wewe unafungua jicho moja, "Eh. Umeanza kuwa mtu."

Na ile ya msalaba. Mama yako bado haijui yote. Ilikuja picha ya kitu cheupe chenye miale minne, juu, chini, kulia, kushoto. Msalaba kamili, Kendi, umesimama mbinguni! Kabla hujafungua macho nilikuwa nimetoka nje kumpigia mchungaji wa Timau. Niliporudi ukanieleza taratibu kwamba hiyo ni nyota tu ya hapa karibu, na miale ni kwa sababu ya vyuma vinavyoshikilia kioo ndani ya darubini, mwanga ukivipita unachanuka. Lakini mchungaji alikuwa ameshapata hubiri lake la Jumapili. Alihubiri vizuri sana. Mpaka leo kuna watu wameokoka kwa sababu ya vyuma vya darubini, na sijaona sababu ya kuwarudisha.

Halafu ikaja yako. Moja kubwa yenye rangi ya uji wa wimbi, nyingine ya samawati imelala kando, na kati yao alama hafifu sana, kama mtu amegusa kioo na kidole chenye unga. Mimi niliifuta simu na shati. Haikufutika. Ukainua kichwa, ile siku ulikuwa hoi, ukainua kichwa ukasema, "Anko, hiyo ni mkono. Hiyo kubwa inamvuta mwenzake." Tukaandika kwenye lile baraza lao la mtandaoni, wewe ukisema na mimi nikiandika kwa Kiingereza changu cha kununulia spea. Yule mama wa nchi ya theluji, aliyejitolea miaka mingi kuliko wote, akajibu kwamba ni doa la kamera. Ukamjibu ni mkono. Akasema doa. Ukasema kama ni doa, darubini ya juu ikaangalie ituambie ni doa. Sijawahi kukuona na damu usoni vile, na damu yenyewe ilikuwa kwenye mpira wa mashine. Wataalamu wakaiweka kwenye zile zitakazopigiwa kura.

Wewe hukungoja kura. Haya. Sitaandika juu ya wiki ile. Uliyajua ukiwa hapo, na mimi nikiyagusa kalamu inasimama.

Lakini lazima nikuambie la siku ya mazishi, kwa sababu ndilo lililonisumbua kuliko yote, na chanzo chake ni Kiswahili changu. Wamama wa kanisa la mama yako walikuwa wakimenya viazi nyuma ya nyumba. Wakaniuliza, huyu mtoto alikuwa akifanya nini na simu kila siku hospitalini? Nami nikataka kukupa heshima kwa neno kubwa. Nikasema, "Alikuwa akiwasaidia wanajimu."

Kendi, ningejua! Mimi nilidhani mnajimu ni profesa. Kumbe kwa wamama wa Kaaga mnajimu ni yule anayebandika karatasi kwenye nguzo za stima, anayerudisha mume aliyepotea na kusoma nyota yako kwenye sahani ya maji. Visu vilisimama. Kabla ya githeri kuiva, neno lilikuwa limezunguka boma lote: nyota ya msichana huyu iliibwa. Alichezea nyota za watu huko juu, na yake ikachukuliwa. Ndiyo maana figo zilikufa.

Mama yako alisikia. Nkirote mwenyewe, dada yangu aliyenifundisha kufunga viatu. Aliichukua simu yako, akaizima, akaifungia kwenye sanduku pamoja na nguo zako za shule, akaniambia, "Gitonga, neno nyota lisiingie tena nyumbani kwangu."

Nilirudi Timau nikiwa na mizigo miwili. Galaksi yako isipotee. Na dada yangu asiamini kwamba kile kilichokupa furaha ndicho kilichokuua.

Basi tangazo likatoka kwenye baraza: upigaji kura umeanza. Nilisoma wakati wa chai, kando ya kombaini, na Bakari akiwa hapo na lori lake. Bakari unamjua kwa hadithi zangu, yule dereva wa Maua anayebeba ngano yetu, ambaye mwaka mmoja ngano ilikuwa ndefu hata tukampoteza ndani yake na lori lake tukamtafuta kwa filimbi. Nikamwambia, nataka kura za Timau nzima. Akatikisa kichwa. "Kura bila chai, Gitonga? Wewe hujui nchi hii."

Mimi nikaenda hivyo hivyo. Siku ya soko nikapanda juu ya kreti ya viazi nikasema kwa sauti, "Ndugu zangu, naomba kura zenu!" Nilikuwa nataka kuendelea na maelezo. Sikupata nafasi. "Unasimamia kiti gani?" "Chama gani?" Nikasema ni ya Galaksi. Mzee mmoja akageuka kwa mwenzake: "Galaksi ni chama kipya, nimekisikia redioni." Wakauliza alama ya chama. Bakari, adui wa maisha yangu, akajibu kwa sauti: "Konokono!" kwa sababu ya ile ya kujipinda aliyoiona kwenye simu. Basi ikawa ni konokono. Kulikuwa na watu wanapiga kelele "Konokono juu!" na mimi niko kwenye kreti, na nakuapia, Kendi, niliwapungia mkono.

Kesho yake mtu wa mheshimiwa wa wadi akanijia shambani, miwani myeusi, viatu vya ncha. "Gitonga, umeanza lini hii mambo?" Nikamwambia ukweli mtupu: "Ndugu, imeanza mbali sana. Mwanga wake ulitoka huko kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Na watu wangu wako nje." Alirudi akaripoti kwamba nina wafadhili wa ng'ambo. Tangu siku hiyo wananisalimia kwa mikono miwili.

Kura zilikuja. Watu walipanga foleni nje ya kinu cha unga, simu mkononi, wanasema, "Tuonyeshe tu mahali pa kubonyeza." Nikawaonyesha. Wanabonyeza yako, wanaondoka, mwingine anakuja. Asubuhi moja tu nilikuwa nimekuletea kura nyingi kuliko alizopata diwani. Nikaandika kwenye baraza kwa majivuno yote: Timau imepiga kura, wengine mjipange. Yule mama wa theluji akanijibu kwa swali moja. "Waliziangalia?"

Hilo tu. Nilikaa kwenye ngazi ya kombaini nikalitazama. Nikakusikia, kama upo pale kwenye kiti: Anko, bado sijaangalia. Nikawaandikia wenye mtandao niwaeleze, na wakanijibu kwa adabu kwamba mtambo wao ulikuwa umeshatambua kura zilizobonyezwa mbio mbio bila kutazama nyingine, na hazitahesabiwa. Zote. Foleni yote ya kinu. Tulikuwa tumerudi mahali pa kuanzia na siku zinaisha.

Bakari akaja na dawa yake. "Akaunti ya marehemu si bado iko? Na namba ya siri unaijua. Basi aipigie mwenyewe." Halafu akaongeza, "Hapa kwetu wafu wamepiga kura tangu zamani, yeye atakuwa wa kwanza?" Tulicheka mpaka akashika usukani. Lakini nakuambia, nilifikiria. Nilikuwa na hiyo namba ya siri kichwani. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaka moto, wakati wa uchaguzi, juu ya wale wanaofufua watu makaburini siku moja na kuwarudisha jioni. Sikuigusa. Akaunti yako iko pale pale ulipoishia, picha ya mwisho uliyoipanga bado iko mbele. Ni laini. Ulikuwa umeiita laini na mimi nikabonyeza laini, mara hiyo tulikubaliana.

Basi nikaanza upya, kwa njia ndefu. Mtu mmoja, simu moja, chai ya mtu mwenyewe. Nikawa namwambia: usichague yangu, kwanza ziangalie zote. Ilikuwa hasara tupu! Watu walianza kupenda nyingine. Mama wa viazi alichagua moja iliyo kama pete kwa sababu ameachika na hakurudisha yake. Bakari, ajenti wangu mkuu, aliangalia kwa makini mpaka chai ikapoa, akaniambia kwa sauti ya kuomba radhi, "Mzee, ya mpwa wako ni nzuri. Lakini hii hapa, hii imenipata." Nilitaka kumshusha kwenye lori. Sikumshusha. Alikuwa ameangalia.

Wanafunzi wako wa Ishiara walikuwa tofauti. Mwalimu mwenzako aliwafungulia chumba cha kompyuta, akaniambia waligombana darasa zima, kila kundi linatetea galaksi yake kwa sababu, wanataja mikono, wanataja rangi, wanakutaja wewe. "Madam alisema tusiseme nzuri, tuseme tunaona nini." Hayo ndiyo walikuwa wakiambiana. Wamefanya klabu sasa. Wanakutana mchana baada ya masomo, na wanapanga picha nyingi kuliko mimi.

Ikabaki Kaaga.

Nilishuka kwenda kwa mama yako bila kumwarifu. Sikusema nyota. Sikusema mnajimu. Alikuwa uani anachambua maharagwe, nikaketi kwenye kigoda, nikachambua pamoja naye kimya, na dada yangu akaanza kuogopa, maana hajawahi kuniona nimenyamaza. "Nani amekufa tena?" akauliza. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia, "Nkirote, nataka uone kile mtoto alikuwa akikiangalia wakati damu yake iko nje ya mwili. Ukikataa, naenda."

Alifuta mikono kwenye leso akaenda kuleta miwani.

Nilimpa simu yangu, nikakaa mbali. Kidole changu nilikikalia. Alianza na ya kwanza, akaangalia. Ya pili. Mara anaileta karibu na macho, mara anaipeleka mbali kama mtu anayesoma Biblia yenye herufi ndogo. Chai ikashika utando. Kuku walikuja kwenye maharagwe hakuwafukuza. Akaniuliza, "Alikuwa akiangalia hizi? Saa zote zile?" Nikasema hizi. "Mimi nilidhani alikuwa akiangalia saa, akingoja mashine imalize." Nikamwambia kuna siku mashine ililia kwamba tumemaliza na wewe ukasema, ngojeni kidogo, hii moja. Sista ni shahidi.

Hapo ndipo alilia. Si kilio cha mazishi. Kingine.

Akauliza kila moja ina nyota ngapi. Nikasema nyingi hata mimi siwezi kuziongeza, na hiyo kutoka kwangu alijua ni nyingi. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaitikisa kidogo kama anaipima uzito, akasema, "Gitonga, kitu kikubwa hivi kinaibwaje?"

Halikuwa swali langu. Alikuwa akiwajibu wale wamama waliomenya viazi siku ya mazishi.

Halafu akapiga kura, akanirudishia simu. Nikamwuliza amechagua ipi. Akanitazama juu ya miwani: "Kura ni siri." Nimebembeleza mpaka leo. Nimemletea asali ya Mbeere, nimemletea kabichi kubwa kama gurudumu. Kura ni siri.

Orodha ilipotoka, yako ilikuwemo. Haikuongoza, nisikudanganye, ilikuwa huko chini chini karibu na mlango. Lakini ilikuwa ndani. Nilipiga honi ya kombaini mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Kumbe kuchaguliwa si kutazamwa. Darubini haitumwi kama gari, ingengoja mwanya upatikane upande ule wa mbingu, na nyingine kwenye orodha huenda zisipate kabisa. Nikangoja. Ngano ikapandwa, ikachipua, ikabeba. Nikawa nafungua simu kila chai, hakuna. Mama yako akawa ananipigia yeye: "Wameangalia?" Bado. "Wanafanya nini huko?" Wana kazi za wakubwa. "Waambie wafanye haraka, mimi si kijana." Nikawaandikia hivyo hivyo.

Picha imekuja wakati wa mavuno. Nilikuwa katikati ya shamba, kichwa cha kombaini kinameza, simu ikatetemeka kwenye mfuko wa kifua. Nikazima injini pale pale. Bakari alikuwa anakuja kando kupokea ngano, akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani kunitukana. Alipoona uso wangu akashuka.

Tuliitazama juani, tumeifunika na kofia. Kendi, sijui nikuambieje. Ile ya uji wa wimbi ina michirizi ndani, kama mbao iliyopasuliwa vizuri. Ile ya samawati imejaa vitone, mahali nyota mpya zinazaliwa. Na pale katikati, kwenye alama yako, hakuna doa. Na hakuna mkono. Kuna galaksi ya tatu. Ndogo, imepinda, imekaa kati ya zile mbili, ina vitone vyake yenyewe. Hakuna aliyejua ipo. Wataalamu wameandika hivyo, kwamba kwenye picha zote za darubini za hapa duniani ilionekana kama ukungu tu, na wameweka jina lako, lile la mtandaoni, kwamba ndiwe uliyeonyesha.

Bakari akaniuliza, "Kwa hivyo alikuwa sahihi?"

Unanijua. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ulikuwa tayari kusema kwamba ulijua ni tatu tangu mwanzo, kwamba ulinichorea kwenye kiganja changu, hata majina ulikuwa umezipa. Timau yote ingeamini kabla ya jua kushuka. Nikaufunga mdomo. Nikamwambia, "Alikosea. Alisema ni mkono, kumbe ni mtoto. Lakini wenzake walisema hakuna kitu."

Yule mama wa theluji ameandika pia. Anasema yeye amekosea zaidi yako na anafurahi kukosea. Anamsalimia mama yako.

Mama yako ametengeneza picha kubwa mjini Meru, ameitundika sebuleni mahali kalenda ilikuwa. Wamama wa kanisa wamekuja kwa mkutano wa chama chao cha akiba wakaikuta. Nilikuwepo, nilikuwa nimejiandaa kueleza, akaninyamazisha kwa mkono. Akasimama yeye na mwiko wa ugali, akawaonyesha: hii ni moja, hii ni ya pili, kila moja ni mji wa nyota, na huyu mdogo hapa katikati ni Kendi wangu aliyemwona. Mmoja wa wale waliomenya viazi akasogea karibu, akatazama sana, akauliza kama na yeye anaweza kuangalia hizi kwa simu yake. Nkirote akamwambia, "Keti. Lakini usibonyeze kabla hujaangalia." Neno nyota limesemwa nyumbani kwake jioni nzima, na sanduku liko wazi, simu yako inachajiwa dirishani.

Basi, mpwa wangu. Hadithi zangu zingine nitaendelea kuzinyoosha kadiri zinavyonyooka, tembo atainua mkonga mpaka nizeeke. Yako nakuahidi sitaigusa. Nitaisema kwa urefu wake: uliona alama, ukaiita mkono, ukakosea, hukunyamaza, na kwa sababu hukunyamaza wakaenda kuangalia. Mtu akitaka niongeze, nitamwambia haina mahali pa kuongeza.

Wameleta kundi jipya la picha. Nimeshaanza, kwa akaunti yangu, polepole, na ile nisiyoielewa naandika barazani kwamba siielewi, nisaidiwe. Umande umekauka juu ya ngano na Bakari anapiga honi. Kaa vyema huko, Kendi wa dada yangu. Mama yako yuko sawa. Nitamwangalia.

Anko wako,
Gitonga